Vidonge vya Kumuota Mama

Darsait, Muscat
Jumamosi

Mdogo wangu mpenzi Maram,

Assalamu alaykum. Nataraji barua hii itakukuta mzima huko dahalia ya chuo, Al Khoudh, na chakula unakula. Sisi hapa nyumbani tu wazima. Baba anakohoa kidogo lakini halwa haachi. Naandika kwa kalamu kwa sababu simu yangu hupokei tangu ulipomrudishia Aws pete yake. Kaka Nasr ameahidi kukufikishia, pamoja na mkate wa kumimina. Kula kwanza, kisha usome.

Ulipoingia kwenye utafiti wa ndoto wa mwalimu wako nilicheka. Ulitueleza kuwa dawa mnayoijaribu hupewa wazee wanaopoteza kumbukumbu, na kwamba mtu akiimeza baada ya sala ya alfajiri akarudi kulala, huweza kuota huku anajua kuwa anaota. Nilisema wasomi wamekosa kazi. Kisha Ijumaa moja, sinia la pilau liko katikati yetu, ukasema umemuona Mama. Ulitazama vidole vyako ukavikuta saba, ukajua ni ndoto, ukamwita, naye akaja na kanga yake ya njano.

Tangu hapo ukawa mjumbe. Shangazi Buthaina alikutuma umuombee radhi kwa Mama. Baba akakutuma salamu, na lile paja la kuku ambalo siku zote ni langu akakuwekea wewe. Maram, nani alimuogesha Mama miaka mitatu? Wewe ulikuwa ukija Alhamisi na maua. Mwaka mzima tangu atuache, mimi sijamuota hata mara moja, na wewe unamwita kama mtu anayeita teksi. Nilikuonea kijicho, dada yako wa tumbo moja, mpaka sauti yako ikawa inaniudhi.

Ndipo wazee wa Aws walipokuja kuposa, ukakubali. Wiki ile ile Mama akaacha kuja. Ulilia ukasema Mama hakuridhia, na Shangazi akaongeza kuwa marehemu akinyamaza ana neno. Ukavunja uchumba, ukarudi dahalia. Mimi nilikuwepo, nikakupa kitambaa ufute machozi.

Mama hakukukasirikia. Ni mimi. Mtaka cha mvunguni huinama, nami niliinama chini ya kitanda chako hapa nyumbani, nikachukua vidonge vyako, mahali pake nikaweka vingine vya ganda nilivyovijaza unga wa mchele. Wiki tatu ulikuwa ukimeza mikate ya vibibi isiyopikwa.

Vya kweli nilivimeza mwenyewe. Siku mbili za mwanzo sikupata kitu ila kichefuchefu. Siku ya tatu nikajikuta jikoni kwetu, nikatazama vidole, havihesabiki, nikajua naota. Nikamwita Mama. Akaja, na kanga ile ile. Nilikuwa na maneno ya mwaka mzima, nikitaka aniambie tu kwamba anakumbuka nani alikuwa naye. Akatazama mlangoni, nyuma yangu, akaniuliza Maram yuko wapi.

Najua utanijibu kama mwalimu wako, kwamba yule hakuwa Mama, ni akili yangu mwenyewe. Basi hata akili yangu inakuulizia wewe.

Vidonge vilivyobaki anavyo Nasr, nimevifunga kwenye leso. Mwalimu wako mwambie ukweli, nimemharibia kazi yake. Aws nimempigia simu nikamweleza kosa ni langu. Amesema anangoja neno lako. Baba na Shangazi nitawaambia mwenyewe Ijumaa, mbele ya sinia. Ukija nitafurahi. Usipotaka kuniona, nitakula jikoni.

Wenzako wa chumbani wape salamu zangu. Na jambo moja ambalo kila mtu alikutuma isipokuwa mimi, kwa roho yangu mbaya: ukimuona tena, unisalimie Mama.

Dada yako,
Kheiria