Usiifute video ya bibi yako

Mjukuu wangu, mume mwenzangu Daudi, marahaba. Huku Kisanga tu wazima. Shangazi yako kahamia Mikumi, anauzia madereva wa malori chai. Mahindi yamekubali.

Umeuliza kama uifute ile video ya marehemu bibi yako akiimba kanisani, maana sauti haikuingia. Ngoja kwanza.

Nilipokuwa kijana nakata mkonge, Jumapili moja mchana walituletea sinema ghalani. Madirisha yalizibwa kwa magunia. Ilikuwa filamu ya zamani isiyo na sauti, na walioitengeneza waliitoa kwenye mchezo wa jukwaani wa kuimba mwanzo mwisho. Watu wanafungua midomo, kimya. Tukajua mashine mbovu.

"Fungulia sauti, wewe!"

Mwenye mashine akasema, "Haina. Ndivyo ilivyotengenezwa."

Tukainuka tutoke. Msichana mmoja wa kuanika nyuzi akatuambia, "Kaeni. Mama huyu anamuaga binti yake anaolewa, hamuoni?" Akaanza wimbo wetu wa kumsindikiza bibi harusi, polepole, anafuata mdomo wa yule mama. Ukakaa sawasawa. Ghala zima tukaitikia, wengine wanalia.

Sinema za sauti nimeona nyingi baadaye. Nzuri kama ile sijaona. Wao walileta sura na mikono, sauti tukatia wenyewe.

Msichana yule ndiye bibi yako.

Basi usiifute. Itume kwenye simu ya shangazi yako, yangu ni kitochi, haionyeshi video. Nitapanda gari niende Mikumi kuiona. Wimbo ninao mimi, babu yako.