Kwaya ya Watu Thelathini na Saba

Bondeni, Kyela
Julai 2024

Dada yangu mpendwa Jubilate,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Shemeji na watoto hapo Mbeya hawajambo? Na goti lako, limepata nafuu? Mimi na binti yangu Lusungu tu wazima. Mpunga umeshaingia ndani, ila kakao inakauka kwa shida kwa sababu ya mvua.

Uliniuliza kwa simu kwa nini nimegombana na mzee Amon, mwenyekiti wa kwaya yetu. Ni maneno marefu, ndiyo maana naandika. Tumegombana kwa ajili ya namba thelathini na saba, na usinicheke kwanza.

Tulikuwa thelathini na sita, tukisimama mistari sita ya watu sita, safi kabisa. Kisha akajiunga Doreen, mjane anayeuza vyungu sokoni, mtu wa kule ziwani. Tukawa thelathini na saba, namba tasa, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Ukiwapanga wawili wawili, anabaki mmoja. Watatu watatu, mmoja. Wanne wanne, mmoja. Watano watano wanabaki wawili, lakini hiyo nayo haisaidii. Aliyebaki kila mara ni Doreen, kwa kuwa aliingia mwisho.

Sikukuu ya mavuno ilipokaribia, mzee Amon alisema kikaoni kwamba mstari wenye mkia unatutia aibu, hivyo mmoja apumzike. Hakutaja jina, wala hakuna aliyeuliza. Doreen akasema ni sawa tu, yeye amezoea. Neno hilo lilinichoma, dada.

Nyumbani nikamwaga mezani vizibo vya soda ninavyofundishia hesabu shuleni. Kizibo kimoja cha katikati huzungukwa na sita kamili, bila pengo wala kubanana. Pete inayofuata huchukua kumi na viwili, na ya tatu kumi na vinane. Jumlisha na kile cha katikati, utapata thelathini na saba. Nilicheka peke yangu mpaka Lusungu akaja kuniangalia.

Nikamwambia mzee Amon hapumzishwi mtu, akanuna. Siku ya sikukuu tuliimba uwanjani, watu wametuzunguka pande zote, nasi tumesimama pete ndani ya pete, Doreen katikati akianzisha wimbo. Mzee Amon hakuimba ubeti wa kwanza kwa hasira. Wa pili aliimba.

Sasa nikuambie kilichonikalisha kuandika. Sikuwa naitetea namba. Baada ya ibada nilimsindikiza Doreen, nikamwomba awe mke wangu. Tukalipita soko. Ndipo akasema kwamba tangu afiwe hajawahi kusimama mahali ambapo asipokuwepo panabaki shimo, siku zote amekuwa mtu wa kuongezwa. Nikamwambia tangu mama yake Lusungu afariki, nyumbani kwangu shimo lipo, nami nimechoka kulizunguka.

Hakusema ndiyo. Alisema baba yake hampokei mposaji aliyekuja peke yake, basi niende na mkubwa wangu. Wazazi wetu hawapo, dada. Mkubwa wangu ni wewe, na goti likiruhusu, tafadhali panda basi wiki hii.

Wasalimie wote hapo. Lusungu anakusalimu, ameshaanza kukutandikia kitanda. Ndaga fijo, asante sana.

Mdogo wako akupendaye,
Asajile