Injini ya Boxer Ndani ya Yamaha ya Baba

Kwa Mzee Zephaniah,
Werugha,
Taita Taveta.

Alhamisi, 14 Agosti 2025

Mpendwa kaka Morris,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Hujambo? Mgongo wako unaendeleaje? Na lile joto la Doha, limepungua au bado mnafanya kazi mkiungua? Mkeo Mutindi aliniambia mlihamishiwa zamu ya asubuhi, nikafurahi kwa ajili yako.

Sisi huku wazima, Mungu ni mwema. Baba anakula vizuri na kugombana vizuri, ni masikio tu yanayozidi kumsaliti. Ng'ombe mweusi alizaa ndama jike wiki iliyopita. Ukungu una wiki ya pili haujatoka, nguo hazikauki, soksi za mwanangu Shanice nazikausha juu ya sufuria ya chai. Mume wangu Crispus bado anafundisha kule bondeni na kuja Ijumaa, na bado hajui tofauti ya spana namba kumi na namba kumi na mbili.

Naandika kwa karatasi kwa sababu kwa simu umenishinda. Tarehe kumi na saba Mei nilikutumia picha ya pikipiki. Uliiona, alama ziligeuka buluu mbele ya macho yangu, na tangu siku hiyo hujaniambia hata neno. Nikipiga hushiki. Nikimuuliza mkeo ananiambia mliongea jana tu, uko sawa, uko bize. Bize miezi mitatu, kwa dada yako peke yake? Haya. Fridah, yule binti wa jirani zetu wa zamani waliohamia Mghange, anaanza kazi huko Doha. Kesho anashika treni Voi, na barua hii ataitia mkononi mwako. Nimemwambia asiondoke hapo mpaka akuone ukiifungua.

Sasa nikuelezee, maana picha haikueleza.

Mwezi wa nne Yamaha ya baba ilikufa. Nilikuwa napanda nayo na maziwa, ikalia kama bati linaloburutwa, ikashika pistoni, gurudumu la nyuma likajifunga. Nilianguka kwenye mboga za watu. Usicheke. Niliifungua hapa jikoni nikakuta silinda imechanika michirizi mirefu, na pistoni yenyewe imeyeyuka upande mmoja. Nilizunguka Voi nzima kutafuta nyingine. Mohammed wa vipuri aliniambia, mama, hii pikipiki ni rika la babangu, pistoni yake utaipata mbinguni.

Wiki hiyo hiyo, pikipiki yangu ya Boxer ilikuwa imeegeshwa nje ya duka la huyo Mohammed, lori la mchanga likarudi nyuma bila kuangalia likaipanda. Fremu ilipinda katikati, lakini injini haikuguswa hata bolti moja. Nikairudisha nyumbani kwa pikapu, nikaiweka kando ya Yamaha. Kaka, nilikaa mlangoni siku tatu naziangalia. Moja ina mifupa mizima haina moyo, nyingine ina moyo mzima haina mifupa. Na maziwa yanaganda kwenye ndoo kwa sababu hakuna wa kuyapeleka Wundanyi. Wewe ungefanya nini?

Najua ungefanya nini. Ungesema tungoje.

Mimi sijui kungoja. Nilikodi mashine ya kuchomea, nikakata vishikio vya injini vya fremu ya baba, nikachomea vingine vya kuibeba injini ya Boxer. Cheni ilikataa kunyooka, nikaongeza washa, vile vipete vya chuma, mpaka ikakubali. Nikaweka sproketi kubwa ya nyuma, ile ya meno ya cheni, kwa ajili ya milima yetu. Nikakata mkia, nikarefusha keria ya kukaa madebe mawili ya maziwa. Nyaya zote nilivuta upya, na sasa ina taa inayopenya ukungu, si ile koroboi yako ya zamani. Na kwa sababu siku mbili za kwanza maji ya ukungu yaliingia kidogo kwenye petroli, nilikata duara la tyubu ya baiskeli nikaziba kifuniko cha tangi barabara, hata tone halipiti. Kazi yote nimeifanya hapa uani, kwa mikono hii. Injini ya zamani niliipaka oili, nikaifunga gunia, iko darini juu ya meko ambapo kutu haifiki.

Baba alipotoka kuiona alibonyeza kitufe cha starta, ikawaka papo hapo. Akaruka! Akasema, "Hata hainiulizi nimeamkaje?" Maana ile injini yake ya zamani, unakumbuka, alipokuwa bwana mifugo, ilikuwa haiwaki mpaka uibembeleze kama mgonjwa. Basi akaizunguka mara mbili, akapapasa pale nilipokata, akarudi ndani.

Ngoja, ndama anapiga kelele. Narudi.

Nimerudi. Alikuwa amejifunga kamba mguuni.

Pikipiki ilienda vizuri siku mbili. Siku ya tatu ikazimika chini kidogo ya shule, pale kwenye kona ya mikaratusi. Nikangoja, nikaangalia petroli, ipo. Nikabonyeza, ikawaka. Kesho yake, hapo hapo. Kesho kutwa, hapo hapo. Kona ile ile, Morris! Nilibadilisha plagi. Nilibadilisha koili. Kabureta nimeifungua mpaka naweza kuifunga nikiwa nimelala. Nilimlipa fundi wa Wundanyi aniambie tatizo ni nini, akaniambia tatizo ni mimi, mwanamke hafungi injini. Nilimjibu jambo ambalo siwezi kuliandika kwenye barua atakayobeba binti wa watu.

Watu wakaanza kunisalimu kwenye hiyo kona kama nina kibanda pale.

Ndipo shangazi Tryphena akaja, akakaa, akanywa chai vikombe viwili, akasema, "Wakesho, hiyo si plagi. Kuna mtu ana hasira na hicho chuma na amefunga mdomo." Unamjua shangazi. Lakini na wewe unajua kwetu neno hilo halipiti hivi hivi. Mtu akiweka hasira moyoni na asiseme, lazima kuna kitu kitaharibika mahali. Sikulala vizuri. Nilianza kuhesabu watu mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa baba.

Nikamwendea. Nikamwambia kwa sauti kubwa, majirani wote wakasikia, kwamba kama nimemuudhi kwa kukata fremu yake, atase, apulize hasira itoke kama wazee wetu. Alikataa kwanza, akasema yeye ni mzee wa kanisa. Nikamwambia hata Mungu hapendi kinyongo. Akakubali. Nikamkamulia maji ya muwa kidogo, akasimama mbele ya pikipiki na kofia mkononi, akapiga funda, akapuliza juu ya tangi. Akasema, "Kama nina uchungu juu ya chuma hiki na juu ya mwanangu aliyekikata, utoke, uende, usirudi." Akapiga funda lingine, akapuliza. Nililia kidogo, sikufichi.

Halafu akafuta mdomo akasema, "Yangu nimetoa. Ya mwenyewe sijui."

Mwenyewe! Nikauliza, mwenyewe nani? Akaniangalia kana kwamba nimeuliza jua linatokea wapi. "Si ni Morris? Nilimwahidi pikipiki hii akiingia kidato cha kwanza."

Kesho yake ikazimika tena kwenye mikaratusi. Basi nikajua ni wewe.

Kwa hiyo hii ndiyo sababu ya barua, kaka. Kama una hasira nami kwa kuikata pikipiki yako, itoe. Si lazima upate muwa huko, chukua maji ya bomba, simama hata bafuni, puliza, sema hasira iende. Ukiona haya mbele ya wenzako fanya wakiwa kazini. Nakuomba. Nimechoka, na maziwa yanachelewa.

Naiacha hapa kwanza. Fridah hashiki simu, na mimi siwezi kukaa hapa nikiangalia saa. Napanda Mghange nikaulize anatoka saa ngapi.

Ni saa tisa sasa. Samehe alama hizi za mafuta kwenye karatasi. Mikono nimeiosha mara mbili lakini bado inanuka petroli. Huwezi kuamini yaliyotokea.

Nimezoea kwenda Wundanyi tu. Leo nimeelekea upande mwingine, nikajiambia huku hakuna mikaratusi, leo nitafika. Ikazimika mbele ya kioski cha chai, watu wote wakageuka. Nikaangalia ile saa ya kilomita niliyoitoa kwenye Boxer. Kilomita nne kutoka nyumbani. Na mikaratusi? Kilomita nne.

Nikafungua kifuniko cha tangi, polepole safari hii, na sikio karibu. Fyuuu! Tangi likavuta hewa kama mtu aliyekuwa anazama majini. Morris, nililiziba mimi. Kile kitundu cha kupumulia kwenye kifuniko, nilikifunika na ile tyubu yangu niliyojisifu nayo kwako hapo juu. Petroli ikishuka bila hewa kuingia inafika mahali inagoma. Na kila siku nilikuwa nafungua kifuniko kuangalia kama petroli ipo, hewa inaingia, inawaka, nami nasema asante Yesu naenda zangu, nikifika huko napima mafuta tena, nikirudi hivyo hivyo. Miezi mitatu! Nimenunua plagi sita. Nimempulizisha baba mzee muwa kwenye baridi. Fundi wa Wundanyi asijue kamwe.

Nilicheka pale barabarani mpaka mama wa kioski akaniletea kiti. Nikatoboa tyubu kwa msumari, nikaenda Mghange na kurudi bila kusimama popote. Fridah anaondoka saa mbili asubuhi.

Nilipofika nyumbani nilishika barua hii niichane. Nilishapata jibu, ya nini tena kukuambia upulize maji bafuni? Nikaikunja. Nikatembea uani. Nikakoroga uji ambao hakuna aliyeuomba. Halafu nikakaa, maana nimeona jambo ambalo silipendi. Pikipiki imepona, na wewe bado umeninyamazia.

Nilikuwa nataka iwe hasira yako, kaka. Hasira dawa yake naijua. Sasa sijui ni nini. Labda umenisahau tu, na hilo sina spana yake.

Na nikuambie lingine. Mwenye hasira nilikuwa mimi. Tangu baba aseme "mwenyewe" sijatulia. Nani alimshikia tochi kila alipofungua kabureta baada ya wewe kwenda? Nani alipanda na kushuka na chuma hicho miaka tisa? Nilipokutumia ile picha sikuwa naomba ruhusa, nilitaka uniambie, Wakesho, umeweza. Wewe ndiye uliyenifundisha kusafisha plagi kwa wembe, nikiwa darasa la tano. Ni neno lako nililolingoja, si la Crispus, yeye angenisifu hata ningefunga injini juu chini. Haya, nimesema, imetoka. Ukitaka pikipiki yako irudi ilivyokuwa, nitashusha injini darini na nitatafuta hiyo pistoni ya mbinguni. Lakini uje unigombeze uso kwa uso.

Sasa hili la mwisho, nimelizunguka tangu asubuhi. Baba hasikii simu yake tena, aliiweka kwenye kabati. Alikuwa anaongea nawe kwa hii yangu, nikimrudia maneno yako sikioni. Umeninyamazia mimi, lakini mlango wa baba kwako ni huu huu. Kila siku akimaliza kula cha jioni ananiuliza, "Morris kapiga?" Na mimi, Mungu anisamehe, namwambia umepiga. Namwambia umemsalimu. Ile zamu ya asubuhi niliyosikia kwa Mutindi nilimpa kama umeniambia wewe, akafurahi, nikaona rahisi, nikaendelea. Mwezi wa sita nilikupandisha cheo. Mwezi wa saba nilikupa homa, akakuombea wiki nzima, ikabidi nikuponye haraka. Juzi nimekununulia viatu. Anasimulia kanisani.

Nimeishiwa, Morris. Sina tena cha kutunga. Piga, hata kama ni kunitukana. Nitamwekea simu sikioni, uzungumze polepole, na umwambie chochote ila usimwambie hukuugua.

Wote wanakusalimu: baba, shangazi Tryphena, Crispus, na Shanice anayeuliza kama huko kuna ukungu. Msalimu Mutindi mkiongea, na umwambie namshukuru kwa kunivumilia na maswali yangu. Mungu wa milima hii akulinde mchana kwenye jua hilo, akupe usingizi, akurudishe kwetu mzima.

Ni mimi dadako, akupendaye hata ukinuna,

Wakesho