Kwa Wifi Aliyemtetea Mfunga Maji

Mpendwa wifi yangu Naghenjwa,

Siku tuliyokuzika, mchungaji alisoma wasifu wako kurasa mbili nzima. Alitaja shule ulizofundisha, kwaya uliyoimbia, watoto uliowalea na ugonjwa uliokusumbua. Hakutaja banda la video. Nilimtazama kaka yako, naye akanitazama, tukajua sote wawili kwamba jambo lenyewe limerukwa. Ndiyo maana nakuandikia, na barua naiacha wazi asome anayetaka.

Nilipoolewa Hedaru nikitokea Vudee kule mlimani, nilikuwa nakuogopa. Wewe mwalimu, mimi nimeishia darasa la saba. Chumba chako na chetu vilitenganishwa na ukuta wa udongo, na kila jioni nilikusikia ukisoma Kiingereza kwa sauti ndogo, halafu unacheka peke yako. Nilidhani unanicheka mimi. Ilikuwa miaka migumu. Tulikula ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada, sabuni tuligawana vipande, na gauni langu la kipaimara nililimia shambani kwa sababu sikuwa na jingine. Ukisikia duka la ushirika limepata sukari unakimbia, unakuta foleni imezunguka jengo, na ukifika dirishani unaambiwa imekwisha.

Siku moja nachambua maharage uani, ukatoka chumbani na vitabu vinne vyembamba vya katuni, rangi zake zimefifia.

"Wifi, sogea nikuonyeshe mtu."

Vilikuja shuleni kwako ndani ya boksi la vitabu vya msaada kutoka ng'ambo. Mwalimu mkuu alivitazama akasema hivi si vitabu, apewe muuza karanga akafungie. Ukaviomba. Siku ile ulinisomea cha kwanza chote, unanyoosha kidole kwenye picha na kugeuza maneno kuwa Kiswahili papo hapo, maharage yangu yakalala bila kuchambuliwa. Kulikuwa na shujaa ambaye mikono yake ilikuwa inawaka kama taa, anaruka juu ya maghorofa na kuokoa watu. Wewe hukuwa na habari naye. Wewe ulimpenda adui yake.

Alikuwa fundi wa mabomba, mzaliwa wa kijiji cha mlimani. Mji mkubwa uliokuwa chini ulichukua kijito chao kwa bomba moja kubwa, bila mtu kuwauliza. Mashamba yakakauka. Yule fundi akashuka mjini kulalamika, akapelekwa dirisha hili, dirisha lile, mpaka viatu vikamwishia. Aliporudi kijijini hakukuta mtu. Ndipo akaapa kufunga koki kuu za mji.

"Mwangalie macho," uliniambia. "Kitabu cha kwanza ana macho. Kila kitabu kofia inashuka, mpaka humwoni tena. Aliyechora huyu ana akili."

Sikuwa nimewahi kuulizwa maoni juu ya picha. Nikajikaza nikasema, "Lakini mikono yake haibadiliki. Mpaka mwisho ni mikono ya mtu wa jembe."

Ukavigeuza vitabu vyote vinne, kimoja baada ya kingine, ukitafuta mikono. Kisha ukaniambia, "Hilo sikuliona, wifi." Hujui ulinipa nini siku ile.

Baadaye mambo yakaanza kuwa ruksa. Mitumba ikajaa mnadani, redio zikaingia, na Baba Rehema mwenye mashine ya kusaga akanunua televisheni na deki ya kuchezea kanda. Akatoa magunia stoo, akapanga mabenchi, akaziba madirisha kwa maturubai, na jenereta ikawa inanguruma nyuma. Wakaja makuli wa mnadani, utingo wa malori, na watu waliotoka mashamba ya mkonge kutoka kila pembe ya nchi. Wanawake tulikuwa wachache, na mwalimu alikuwa mmoja.

Alasiri ya Jumapili moja tuliingia mimi na wewe bila kujua kuna nini. Picha ilipoanza ukanishika mkono kwa nguvu. "Wifi! Ni yeye!" Ilikuwa hadithi ya vile vitabu vyetu, imekuwa filamu, watu halisi wanatembea. Watazamaji hawakujua Kiingereza, kwa hiyo wakawapa majina yao wenyewe. Steringi, yaani yule shujaa, wakamwita Kimulimuli. Adui wakamwita Mfunga Maji.

Lakini katika filamu ile Mfunga Maji hakuwa na kijiji. Hakuwa na kijito wala viatu vilivyokwisha. Alitokea tu ndani ya pango, anacheka, anafunga maji ya mji kwa bwawa ili atawale dunia. Mwishoni Kimulimuli akalipiga bwawa ngumi, maji yakaporomoka mpaka mjini, na stoo nzima ikalipuka kwa makofi. Hedaru ni bondeni, wifi, unajua tulivyokuwa tunayaonea wivu maji ya mlimani. Watu walishangilia kana kwamba yale maji yanakuja kwao.

Wewe ukasimama juu ya benchi. "Mmempigia makofi mtu aliyebomoa bwawa. Mnajua lile bwawa lilikuwa la nani?"

"La adui!" wakajibu.

"Mnajua alianza vipi kuwa adui?"

Fundi Komba akageuka. Alikuwa mtu wa Songea, amekata mkonge miaka mingi kabla ya kufungua kibanda cha kutengeneza baiskeli pale stendi. Mtu mpole, haongei sana, na kila mtu alimheshimu.

"Mwalimu," akasema, "mtu anayefunga maji hana alianza vipi."

"Shikamoo fundi. Anayo, na mimi ninayo nyumbani, imechorwa."

"Marahaba. Basi ilete."

Mkaahidiana Jumamosi, na wiki ile Hedaru ilikuwa na habari moja tu. Kwenye mashine wanabishana, kisimani wanabishana. Wapo waliosema adui ni adui, ameumbwa hivyo ili steringi apate kazi. Wengine wakasema mwalimu ana hoja, haiwezekani mtu akae pangoni bila kuwa na kwao. Dereva mmoja wa lori aliapa kwamba ameiona filamu hiyo Mombasa na huko Mfunga Maji anashinda, akazomewa. Alhamisi mwalimu mkuu akakuita ofisini. Alikuambia mwalimu anayebishana bandani na makuli anaishusha shule, na kwamba ukiaibika Jumamosi usitegemee yeye akutetee kwa mkaguzi. Ulirudi nyumbani hukula. Nilijua unaogopa, kwa sababu ulifua nguo ambazo zilikuwa safi.

Ijumaa ukaniomba tusome vyote tena, ujiandae. Hapo ndipo tulipofika ule ukurasa wa kitabu cha nne. Tulikuwa tumeupita haraka zamani, nadhani hatukutaka kuuona. Mji umefungiwa maji siku nyingi. Foleni ya watu na ndoo. Mama mmoja amembeba mtoto mgongoni, na katika picha inayofuata mtoto amelegea shingo. Mfunga Maji yuko juu, kwenye koki, anaona. Hafungui.

Nilikuambia, "Uruke huo. Nani atajua?"

Ukafunga kitabu, ukaenda kulala.

Jumamosi saa tisa stoo ilijaa mpaka watu wakakaa juu ya magunia ya pumba. Baba Rehema hakutoza kiingilio. Mwalimu mkuu mwenyewe alikuja, akasimama mlangoni na kofia yake mkononi. Nilikaa mbele nikikushikia vitabu. Ulisoma na kuonyesha picha, ukizunguka benchi hadi benchi. Uliposoma safari ya yule fundi wa mabomba kwenye madirisha ya ofisi, watu walicheka kwa uchungu, maana hakuna aliyekuwa hajatumwa dirisha hadi dirisha. Aliporudi na kukuta kijiji kitupu, mzee mmoja alisema, "Ah, hapana, hii si haki." Nilihisi tumeshinda. Tungeishia pale, ungetoka umebebwa juu juu.

Ukafungua kitabu cha nne. Nikakukanyaga mguu. Ukausoma ukurasa ule neno kwa neno, ukamwonyesha kila mtu yule mtoto.

Utingo mmoja akapiga kelele: "Basi mwalimu umejimaliza mwenyewe!" Wakaanza kucheka. Mwalimu mkuu akavaa kofia.

Fundi Komba akasimama. Nilidhani atakumalizia.

"Ukimtoa mwalimu mkuu, humu ndani nani anajua Kiingereza?" akauliza. Watu wakatazamana. "Mwalimu angetuambia lolote. Angeuruka ukurasa huo na sisi tungeondoka tumeshindwa. Sasa ninyi mnacheka nini?"

Akajipangusa mikono iliyokuwa na grisi. "Kambini kwetu kule kwenye mkonge palikuwa na bomba moja. Msimamizi akikasirika anapiga kufuli. Mara moja ilikuwa siku tatu, na mwanangu wa pili alikuwa anaharisha." Hakusema iliishaje. "Sijawahi kumuuliza yule mtu alitoka wapi. Mpaka leo sitaki kujua. Lakini naomba nione tena hiyo picha ya foleni."

Ukampelekea. Aliitazama muda mrefu, akaigusa kwa mgongo wa kidole asiichafue.

"Huyu aliyechora," akasema, "amewahi kupanga foleni."

Nawe ukasema taratibu: "Fundi, filamu ilitunyima vyote viwili. Ilituficha alichotendwa, na ilituficha alichotenda. Mimi bado namwonea huruma. Wewe una haki ya kutomwonea."

"Tumeelewana," akasema Komba. Hamkuwa mmekubaliana hata kidogo, na kila mtu mle ndani aliona hivyo, lakini mlipeana mikono.

Jumatatu mwalimu mkuu akakuachia boksi jingine la msaada ulipekue kabla halijafika kwa muuza karanga. Na kwa muda mrefu, kila filamu mpya ilipokuja, watu walikuwa wanageuka kukutafuta ikiisha. "Mwalimu, huyu adui kwao wapi?"

Tulipokuwa tunarudi nyumbani siku ile, nilikuuliza kwa nini hukuruka.

"Ningeruka," ukasema, "ningekuwa namtetea mtu mwingine, si yeye."

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilitembea nyuma yako na nikasema moyoni, kumbe mtu anaweza kumpenda mtu na asimdanganyie.

Wifi, sasa wajukuu zetu wanazo filamu za mashujaa ndani ya simu. Wanabishana nani ana nguvu kuliko nani, na nikiuliza adui ametokea wapi wananiambia bibi, kuna filamu nyingine nzima ya kueleza hilo. Nimefurahi. Ungekuwepo ungekesha nao, na ungewakera kwa maswali.

Lakini lililonifanya nishike kalamu si hilo. Mwezi uliopita kulikuwa na kikao cha maji kati yetu wa bondeni na ndugu wa juu. Juu wana ndiva, lile bwawa la kukusanya maji ya mfereji, na kwa majuma kadhaa walikuwa hawatufungulii. Mahindi yetu yalikuwa yamejikunja. Wenzangu walinichagua niseme, kwa sababu nimezaliwa kule, nitasikilizwa. Nilisema yote tuliyotendewa, na kwetu wakapiga makofi. Ilibaki sentensi moja ambayo upande wangu tulikubaliana isisemwe.

Nikaisema, wifi: kwamba vijana wetu walipanda mlimani mara mbili wakaubomoa ukingo wa ndiva yao, na kwamba nilijua.

Wa kwetu walininunia. Mmoja hanisalimii mpaka leo. Lakini mzee wa wale wa juu akasema kwamba na wao wamezidisha, twende pamoja tukajenge ule ukingo. Tulienda Jumamosi. Maji yanakuja siku mbili kwa juma, hayatoshi, lakini yanakuja.

Nilipokuwa nabeba mawe mtu mmoja aliniuliza nani alinifundisha kusema vile mbele ya watu. Nikamwambia ni wifi yangu. Akasema, "Alikuwa mwanasiasa?" Nikacheka mpaka nikaweka jiwe chini. Nikamwambia hapana, alikuwa anapenda filamu.

Lala salama, mwalimu.

Wifi yako anayekupenda,
mke wa kaka yako, Hedaru