Sare Inayorudi na Udi

Al Amerat, Muscat
9 Novemba 2025

Mpendwa wifi Buthaina,

Asalaam alaykum. U hali gani, na goti limepata nafuu? Mama naye analala vizuri? Hapa sote wazima, alhamdulillahi, ila moyo wangu ndio mgonjwa. Naandika kwa mkono na kumpa Bashayer anayekuja Unguja, maana simu yangu kaka yako haachi kuishika.

Huko mmesikia? Inasemekana serikali inapunguza matumizi ya ulinzi, na vikosi vya jeshi la anga vinaunganishwa. Nilimuuliza kaka yako Jaifar, akasema mafundi wa ndege kama yeye hawaguswi. Alijibu upesi mno, na mimi jibu la upesi siliamini.

Unajua sare yake naifua mbali na nguo nyingine kwa harufu ya mafuta ya ndege. Asubuhi naifukiza udi, jioni inarudi inanuka mafuta matupu. Tangu mwezi uliopita inaondoka na udi, inarudi na udi. Mtu anavua sare wapi mchana kutwa? Nikasema basi, nimeletewa mke mwenza. Mifuko nikaipekua, chakula kikawa hakipiti.

Juzi Nasriya, mke wa fundi mwenzake, akaja kunipa pole.

"Si wamestaafishwa kikosi kizima? Wangu yuko nyumbani, kila chungu anakifunua. Wako hajakwambia?"

Nikajidai najua, naye akaendelea kusimulia. Kumbe mume wangu hushinda gereji ya rafiki yake kule Ghala, kavaa kanzu, anangoja saa ya kurudi.

Leo sare sikuipiga pasi. Nilimwekea kanzu kitandani. Akaitazama, akakaa.

"Nani kakwambia?"

"Si wewe."

Akalia, wifi. Sijapata kumwona akilia, hata tulipomzika baba yenu. Akasema aliogopa nitamwona si mtu tena. Hasira zote zikanitoka, nikamshika mkono.

Kisha nikamuuliza nani mwengine anajua. Akakutaja wewe.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mwezi mzima unanipigia simu, tunacheka, na mimi naumwa na wivu, nawe ukweli waujua. Yeye nimemsamehe. Wewe sijui bado. Niambie mwenyewe kwa nini, wala usimtume mtu.

Nibusie Mama mikono, na Loai msalimie. Mungu awahifadhi nyote.

Wako akupendaye, ingawa leo kwa shida,
Balqis