Bahari Imekuja Mbarara

Jumatatu, 2 Machi

Nimeichungulia simu kabla ya kumsalimu mke wangu. Hakuna kitu. Mama Neema ameona, akageuka kuchochea moto. Ndivyo siku zinavyoanza tangu watu wa ofisi watuambie kesi yetu ya kwenda kuishi ng'ambo imefika kwenye mahojiano. Mtaitwa kwa simu. Msiende mbali. Familia nzima ionekane. Mmoja akikosa, kesi inalala. Ni lini, hawakusema.

Nimepalilia mahindi, jicho moja kwenye mfuko wa shati. Mahindi mengine nimeyang'oa pamoja na magugu.

Jumatano, 4 Machi

Nimeitwa, ila si na wale. Ni semina ya sheria ya bahari, huko Mbarara, mtaa wa Kamukuzi. Wanatafuta mkalimani wa Kiingereza na Kiswahili chetu cha Kongo. Pasta akanitaja, maana mimi ndiye ninayesimama kando ya wahubiri wageni. Kiingereza nilijifundisha kwa redio na kwa maandishi ya mifuko ya mbolea.

Nikauliza bahari inatafuta nini kwenye migomba na ng'ombe. Jibu: kuna mradi wa kufundisha watu walio mbali na pwani, na lazima umalizike kabla wafadhili hawajauliza. Basi bahari imekuja Mbarara.

Mama Neema ameruhusu. Simu ikilia nitarudi kampini kwetu Nakivale siku ileile.

Ijumaa, 6 Machi

Mwalimu ni wakili kutoka Kampala, Madamu Patience. Anaongea kama bomba lililopasuka. Nimetafsiri kama kanisani: akiinua mkono nainua, akigonga meza nagonga. Mwanzo alishtuka. Baada ya chai akawa anagonga makusudi, anitazame.

Nilichoshika: maji ya karibu na pwani ni ya nchi. Ukienda mbali sana unafika bahari kuu, isiyo na mwenyewe, na kuilinda ni kazi ya wote. Kuna mkataba mpya wa kutenga sehemu zake ili viumbe vipumue, na faida ya vinavyogunduliwa huko igawiwe hata nchi zisizo na pwani. Uganda ina fungu. Sisi wakimbizi hatukuuliza tuko fungu gani.

Tena, meli lazima iwe na bendera ya nchi. Isiyo na bendera, manowari yoyote inaweza kuisimamisha na kuihoji. Chumba kizima kikacheka. Madamu akauliza kuna nini. Hiyo sikumtafsiria.

Kutupa kitu baharini, kibali kwanza. Mzee Lumona, mvuvi wa zamani kule Fizi, Kongo, akainua mkono. "Na bale mabaharia bamutupa nabii mu maji, balikuwa na kibali?"

Nikatafsiri. Madamu akafikiri kweli, kisha akajibu mwenyewe kwa Kiswahili chake: "Mzee, hiyo kesi iko nguvu. Lakini samaki alirudisha yeye. Sasa uchafu hakuna."

Jumamosi, 7 Machi

Leo kasa. Jike anapita maji ya nchi nyingi, miaka na miaka, haulizwi kitu, kisha anarudi kutaga kwenye ufuo aliozaliwa. Ndiyo maana nchi moja haimwezi peke yake, lazima zipatane. Nimeyasema kwa sauti ya ibada. Kila mtu alikuwa na shamba aliloliacha kwao kichwani.

Mzee Lumona tena. "Na akikuta batu bamejenga pale?"

Madamu akasema sheria inawaambia wazime taa, wamwachie nafasi.

"Eh," akasema Mzee. "Hiyo ni sheria muzuri." Akakaa.

Mchana Madamu akaniita kando. Kuna mkutano Mombasa, wiki nzima. Wanataka mtu mmoja awasemee walio mbali na bahari. "Wewe nakuja na sisi. Vibali mimi natengeneza." Nimesema ndiyo kabla hajamaliza. Bahari sijaiona maishani. Nimeona Ziwa Tanganyika tu, na mara ya mwisho nililiona kwa kugeuka nyuma.

Jumapili, 8 Machi

Nimemwambia Mama Neema baada ya ibada. Amekaza kitenge chake kiunoni. Dalili mbaya.

"Papa Neema, bahari haitahama. Ile simu ikipita, imepita."

Nikasema simu hiyo haijalia miaka yote, kwa nini ichague wiki hiyo?

"Juu wiki hiyo hautakuwa hapa."

Hajui Kiingereza, lakini kortini angenishinda. Akanikumbusha Mama Sifa, jirani. Walipoitwa, mume alikuwa Kampala. Mpaka leo hawasalimiani, na wanalala kitanda kimoja.

Alhamisi, 12 Machi

Nina hasira na sijui nimkasirikie nani. Hakuna aliyenifunga. Kampi haina ukuta. Anayetaka kutoka anatoka. Nimefungwa na simu ya vitufe. Vita ilipofika kwetu niliondoka bila kumuaga mtu. Sasa nashindwa kwenda hapo Isingiro kununua ndoo.

Mama Neema anachota maji mbio kama mwizi. Neema amekataa shule, anaogopa tutaitwa yeye hayupo. Nikamfokea. Mtoto amelia, akaenda. Sikujisikia vizuri. Nilikuwa najifokea mwenyewe.

Jumatatu, 16 Machi

Nilikuwa nimeamua. Naenda. Kwa Mama Neema nikasema nafika Mbarara kuaga watu wa semina tu, kumbe jioni kuna basi la Kampala, kufuata vibali vya Mombasa. Kwenye mfuko nikaweka shati la ibada. Akaliona. Akachukua jembe, akatoka.

Njiani, Rwekubo, nikaangalia simu. Mbarara nikaangalia. Nje ya ofisi, Kamukuzi, ikalia yenyewe. Namba nisiyoijua. Nikakaa chini kando ya barabara, mbele ya mama anayeuza ndizi. Nikapokea. Sauti ya mashine: kampuni ya simu inataka kuniuzia wimbo.

"Ssebo, nani amekufa?" akauliza mwenye ndizi.

"Hakuna, mama. Ni wimbo."

Akanipa ndizi moja bure. Nimeila, haikuwa na ladha. Nikajiona Mombasa hivihivi, bahari yote mbele yangu, nami nimeinamia simu.

Nikaingia ndani, nikamwambia Madamu Patience siendi. Nangoja simu. Akauliza ni ya lini. Nikamwonyesha simu. Nikampa jina la Mzee Lumona. Yeye alikataliwa zamani, kesi imefungwa, hakuna anayempigia. Katika kampi nzima sijui mtu huru kumshinda.

Nimerudi na shati langu. Mama Neema amelitoa kwenye mfuko, akalikung'uta, akalitundika. Sijui nani kati yetu ameona haya zaidi.

Jumatano, 25 Machi

Leo Mzee Lumona amesema mkutanoni Mombasa. Kiswahili chake kina Kibembe kingi ndani, lugha ya kwao Fizi, kwa hiyo nimemtafsiri kwa simu ya pasta, nikiwa mlangoni mwa kanisa, fasi pekee yenye mtandao wa maana. Mama Neema alikuja, sikumuomba. Akasimama kando yangu na simu yetu mikononi, ameishika kama yai.

Mzee hakusema mengi. "Siye hatuko na bahari. Lakini tunajua kitu kinachozunguka mingi na kinataka kurudi. Basi muzime taa."

Nilipofika kwenye neno la kurudi, nikalirudia mara mbili. Mama Neema akanigusa mgongo. Nikamaliza, nikagonga mlango, maana hapakuwa na meza. Huko wakapiga makofi.

Nyuma ya makofi kulikuwa na kelele nyingine, inakuja, inaondoka. Nikadhani mtandao umeharibika. Nikamuuliza Mzee.

"Hapana, mutoto wangu. Tuko mu banda, kando ya maji. Ni yenyewe hiyo."

Nimemwekea Mama Neema sikioni. Amesikiliza mpaka ikakatika.

Jumanne, 31 Machi

Mzee Lumona amerudi. Ametuletea bahari kwenye chupa ya soda. Nikamuuliza kama alikuwa na kibali cha kuitoa.

"Miye siko na bendera," akasema.

Neema ameonja, ametema. Mama Neema ameonja, akafikiri, akamimina kidogo mu chungu cha sombe, majani yetu ya muhogo. Chumvi imezidi. Tumekula yote.

Simu iko kwenye chaji.