Mlango Uliojifunga na Mama Mkwe Ndani

Sake, Alhamisi jioni. Mvua nyembamba, na ardhi bado inatikisika.

Ninaandika kwenye simu, nimeegemea ukuta wa kanisa. Binti yangu Neema amelala mapajani. Mama mkwe wangu amelala kando, juu ya kitenge. Mkono wangu umechanika na sina maji ya kuuosha.

Tangu volkano ilipopasuka Jumamosi tulikuwa tunalala na nguo za safari mwilini. Leo asubuhi redio ikasema sisi wa mtaa wa Mabanga tutoke wote, maana moto unaweza kutokea chini ya mji wenyewe. Mume wangu, Innocent, yuko mbali, mji wa Kiwanja, alienda kununua maharage, na simu hazikupita. Hata hivyo sikuogopa sana. Tulikuwa na motokari.

Hiyo motokari ya umeme! Innocent aliileta kutoka Kigali, mtaa mzima ukaja kuitazama. Haina tundu la ufunguo. Unaisogelea na telekomande mfukoni, mlango unafunguka wenyewe. Ikipenda. Mara ngapi nimeizunguka na mizigo ya soko, nimeinua telekomande juu kama mtu anayetafuta rezo ya simu, majirani wanacheka! Innocent alisema ni betri ya telekomande tu, atabadilisha.

Leo ilifunguka mara moja. Nikamshukuru Mungu.

Mama, huyu mama mkwe wangu, alishapata kiharusi, upande wake wa kuume hauna nguvu. Nilimbeba, nikamkalisha kiti cha nyuma, nikaweka mkoba wangu karibu naye, telekomande ikiwa ndani ya mkoba. Nikafunga mlango, nikarudi kumchukua Neema. Nilipotoka naye mgongoni nikasikia ule mlio mdogo: tak.

Imejifunga.

Wanasema haiwezi kujifunga ufunguo ukiwa ndani. Yetu ilijifunga.

“Mama, vuta kile kitu cha mulango!”

Alinyoosha mkono wa kushoto, haukufika. Mkoba ukaanguka chini. Ardhi ikatikisika, motokari ikayumba pamoja naye. Barabarani watu walipita na magodoro na mbuzi, wengine wamejifunga kamba na watoto wao wasipotezane. Hakuna aliyesimama. Siwalaumu.

Mama akagonga kioo. Sauti yake ilikuja kama kutoka chini ya maji.

“Enda na mutoto. Mimi uniache.”

“Siendi, Mama! Siendi!”

Nikang'oa jiwe kwenye ukuta wa ua, nikapiga kioo cha upande wa pili. Jiwe likarudi. Nikapiga tena, ngozi ya kiganja ikatoka. Nilipiga kelele mpaka sauti ikaisha, na Neema mgongoni analia. Ndani, Mama alikuwa amefumba macho na midomo inacheza. Alikuwa anasali.

Ndipo akatokea Papa Bahati, jirani yetu anayesukuma makala, makaa ya kupikia, kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo. Akaiegemeza ukutani.

“Sogea, mama. Utaumiza mutoto.”

Alipiga pembeni, kwenye kona ya kioo. Kikamwagika chote.

Nikaingia, nikaokota mkoba, nikatoa telekomande, nikabonyeza kuwasha. Kwenye ekrani, kile kioo mbele ya usukani, yakaandikwa maneno ya Kifaransa: hakuna ufunguo. Nimeushika mkononi! Nilibonyeza, nikabonyeza. Halafu nikalaza kichwa kwenye usukani, nikalia kwa namna ambayo sijalia tangu tumzike baba.

“Acha hiyo kitu,” Papa Bahati alisema. “Tumupakie huku.”

Alitupa magunia yake yote ya makala chini, akatandika godoro letu, akamfunga Mama kwa kamba za mizigo. Alisukuma mpaka Sake, mimi nikishika kichwa cha Mama kwenye mashimo. Tulipopita Mugunga, Mama aliuliza jambo moja tu:

“Mutoto amenyonya?”

Jioni hii simu ya Innocent ilipita.

“Mulifika na motokari?”

Kulikuwa na faraja katika sauti yake. Kabla sijamweleza laini ikakatika. Tumeiacha kule, kioo kimevunjika, milango iko wazi, sijui kama mtaa wenyewe bado upo. Sitaki hata kujua.

Papa Bahati amerudi kumtafuta mke wake. Na hapa watu wameanza kusema Sake nayo si salama, asubuhi tutembee mpaka Minova. Hakuna chukudu. Hakuna mtu ninayemjua.

Nimemtazama Mama akilala. Amekonda sana, sikuwa nimeona.

Neema nitamfunga kifuani. Mama nitamweka mgongoni.